Mwalimu Aliyeanguka na Ndege

Kwa miaka saba, tena bila chembe ya aibu, niliamini kwamba mwalimu wetu wa jioni aliwahi kuanguka kutoka kwenye ndege. Nasema ndege yenye injini, mabawa ya bati na abiria waliofungwa mikanda. Niliamini kwamba alichomoka huko juu, akaja chini ameshika ungo juu ya kichwa kwa mikono miwili, akatua taratibu kwenye shamba la kahawa kule Mbuji katikati ya wachumaji, akajipangusa sketi, akaomba maji ya kunywa. Habari hiyo niliisimulia kwenye kinu cha kahawa nilikofanya kazi, kwenye foleni ya bomba, hata misibani. Msiba mmoja mama wa watu aliacha kulia, akaniuliza, “Huo ungo ulikuwa wa mwanzi au wa plastiki?” Nikamjibu palepale: wa mwanzi.

Jina lake silitaji, na hata darasani hatukulitumia. Alikuwa Mwalimu wa Jioni, basi. Tulikuwa wanafunzi kumi na tisa, wote watu wazima tuliokuwa tukijiandaa kufanya mtihani wa kidato cha nne kwa kujitegemea. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka ishirini na sita, na mkubwa wetu, Mama Winifrida, alikuwa na wajukuu na shamba la mahindi lenye ngolo nyingi kuliko mashimo ya chekeche. Ngolo ni yale mashimo ya kilimo ambayo Wamatengo huchimba mlimani ili mvua isiondoke na udongo. Saa kumi jioni, watoto wa shule ya msingi wakitoka, sisi tunaingia na kukaa kwenye madawati yao, magoti yakigusa kidevu. Mimi nilikuwa kwenye dawati la mbele, na naapa kila nilipopumua kwa nguvu lilitaka kupasuka.

Yeye alikuwa mwembamba. Nikisema mwembamba nataka unielewe: upepo wa mwezi wa nane ulipovuma, sisi tulishika madaftari na Mama Winifrida alimshika mwalimu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umepinda kidogo chini ya goti, kwa hiyo alitembea kwa kuchechemea, lakini kuchechemea kwa kasi. Kila kitu alikifanya mbiombio. Alikula amesimama. Ukimwamkia, “Marahaba” yake ilikufikia wewe ukiwa bado kwenye “Shika”. Na mtu huyohuyo asiye na subira na binadamu yeyote alikuwa na subira isiyo na mwisho na kitu kinachoanguka. Angeweza kudondosha ganda la kahawa mara thelathini mbele yetu, akisema, “Tena. Tazameni tena. Limechelewa wapi?”

Kwapani alibeba ungo siku zote. Walimu wengine walikuja na rula na globu. Yeye alikuja na ungo, na ndani ya ungo mna maharage, makapi, unyoya wa kuku, kokoto na chaki. Siku ya kwanza kabisa aliingia, hakujitambulisha, akamwita Mama Winifrida mbele.

“Mama, peta.”

“Nipete nini, Mwalimu?”

“Hayo maharage. Peta kama uko nyumbani.”

Mama Winifrida akapeta. Maharage yakapanda na kurudi kwenye ungo, makapi yakapepea na kutua miguuni kwetu.

“Nani kayatenga?” akauliza Mwalimu.

“Mimi,” akasema Mama Winifrida.

“Wewe umerusha tu. Nani katenga?”

Salum, muuza vitambaa na miavuli, ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka pwani na ambaye hajawahi kukosa jibu tangu azaliwe, akasema, “Ati Mwalimu, si uzito huo? Kizito chashuka, chepesi charuka.”

“Kaa chini. Umekosa. Ni hewa. Hewa ipo kazini.”

Huo ndio uliokuwa usemi wake: hewa ipo kazini. Ukisahau kuitaja kwenye jibu, aliandika kwa wino mwekundu pembeni ya daftari, “Hewa imekwenda likizo?” Kisha akatuambia jambo lililotufanya tuangaliane. Alisema kama tungeweza kuiondoa hewa yote humu darasani, maharage na makapi, kokoto na unyoya, vyote vingeshuka pamoja na kugusa sakafu kwa wakati mmoja.

Darasa likacheka. Sikiliza, hawa ni watu waliopeta maisha yao yote. Ukiwaambia kapi na harage vinaanguka sawasawa, ni kama umewaambia mbuzi na basi la Songea vina mwendo mmoja.

“Mwalimu,” akasema Mama Winifrida kwa heshima yote, “mimi nimepeta tangu nina miaka mitano.”

“Na miaka yote hiyo ulipeta na hewa ikiwemo, mama yangu.”

Mimi kwa hilo nilikuwa mjinga maradufu. Kazi yangu ilikuwa kwenye kinu, na kwenye kinu kuna feni kubwa inayopuliza kahawa iliyokobolewa: punje nzuri inashuka, punje tupu na maganda vinarushwa pembeni. Nilisimama karibu na feni hiyo miaka kumi na moja, nikadhani inanipoza jasho. Siku ile baada ya kipindi nilirudi kazini kufunga milango, nikatia mkono kwenye punje zilizotupwa. Zilikuwa na ukubwa uleule wa punje nzuri, ila ndani hamna kitu. Hewa ilizisukuma zote kwa nguvu ileile. Nzito zikastahimili, nyepesi zikashindwa. Nilipiga kelele peke yangu pale kinuni kama mtu aliyeona nyoka. Mlinzi akaja mbio na rungu. Nikamwambia, “Hewa ipo kazini!” Akanijibu, “Na wewe je, huendi nyumbani?”

Somo lake nililolipenda kuliko yote lilifundishwa na mvua. Ilinyesha mvua ya Mbinga, ile ambayo tone moja lajaza kikombe. Bati lilinguruma hatusikiani, mwalimu mwingine angekaa kusubiri. Yeye akapaza sauti kuishinda mvua.

“Tone hilo limetoka wapi?”

“Mawinguni!”

“Limeanguka mwendo mrefu au mfupi?”

“Mrefu!”

“Kitu kinachoanguka kinazidi kuongeza kasi, nimewafundisha. Sasa kwa nini tone halijatoboa bati? Kwa nini halijatoboa kichwa cha Bwana Kinu aliyefika amelowa?”

Bwana Kinu ndiye mimi. Ndipo akachora tone ubaoni na mishale miwili, mmoja unaovuta chini, mmoja unaosukuma juu. Akasema kadiri tone linavyozidi kasi, ndivyo hewa inavyolisukuma kwa nguvu zaidi, mpaka msukumo wa hewa unalingana na uzito wa tone. Hapo kasi haiongezeki tena. Tone linaendelea kushuka, lakini kwa mwendo uleule mmoja mpaka chini.

“Kama mtu ashukaye mteremko na baiskeli kashika breki,” akapaza Salum.

“Breki inayojikaza yenyewe kila ukizidisha mwendo! Salum, leo umepata.”

Salum alinunulia darasa zima maandazi kesho yake. Na mimi tangu siku hiyo nikinyeshewa naishukuru hewa. Bila hiyo, wallahi, tungekuwa tunavaa sufuria kichwani kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa tano.

Kukuza mambo ndiko kulikomuudhi kuliko kitu chochote. Nikisema nimeona gari la kahawa lenye urefu wa mita mia, yeye huuliza bila hata kugeuka, “Umeupima na nini?” Mwishowe alinitungia kanuni yangu peke yangu: “Bwana Kinu, namba yoyote ikitoka kinywani mwako, igawanye kwa kumi kabla ya kuiandika.” Nilipoandika kwenye jaribio kwamba kitu kinachoanguka huongeza kasi kwa mita tisa nukta nane kila sekunde, alinipa vema, akaongeza pembeni: “Hii usiigawanye.” Lakini yeye huyohuyo wa kupima kila kitu aliamini kwamba mafua yanatibiwa kwa kahawa iliyotiwa chumvi. Salum alipomuuliza, “Umepima, Mwalimu?” alijibu, “Hayo hayapimwi, kunywa.”

Jambo jingine lililotushangaza: mtaalamu huyu wa kuanguka aliogopa mahali pa juu. Hakupanda hata kiti kubandika ramani. Akienda kwao Ngumbo, ziwani, basi likianza kuteremka zile kona za milimani, alijifunika kitenge uso mzima mpaka alipoambiwa kwamba maji ya ziwa yanaonekana.

Sababu ya hofu hiyo tuliisikia kutoka kinywani mwake, jioni moja tu. Mtu aliuliza kuhusu mguu. Alikuwa anafuta ubao, na alijibu bila kuacha kufuta:

“Nilipokuwa darasa la tatu nilianguka na ndege. Yeye akaenda zake, mimi nikabaki na mguu huu. Haya, fungueni ukurasa unaofuata.”

Wewe, ni nani angefungua ukurasa! Tulitoka nje saa kumi na mbili kama nyuki waliopigwa jiwe. Alianguka na ndege! Na huyo “yeye” tulimjua mara moja: ni rubani. Tulimlaani rubani yule njia nzima. Mtoto wa watu amelala kwenye mibuni na mguu umevunjika, jitu zima linaondoka zake.

“Hana utu,” akasema Mama Winifrida.

“Wana kiburi hao,” akasema Salum. “Mie nishawaona uwanja wa Songea, na vile vikofia vyao.”

Mpaka hapo lilikuwa kosa la darasa zima. Lililofuata lilikuwa langu peke yangu. Nilipoisimulia habari hiyo kinuni, mpakiaji mmoja aliniuliza swali la haki: mtu anaangukaje kutoka kwenye ndege asife? Sikuwa na jibu, na mimi kukosa jibu mbele ya watu ni ugonjwa. Nikakumbuka tone la mvua na breki ya hewa. Nikakumbuka ungo kwapani. Basi nikasema, “Alikuwa na ungo. Aliushika juu ya kichwa, hewa ikaubeba.” Wote wakasema aaah. Ilipofika jioni nilikuwa ninaiamini mwenyewe, maana ilikuwa nzuri mno kuwa uongo. Nilimwona kabisa akishuka, sketi imejaa upepo.

Sasa, msomaji, kama wewe ni wa huku kwetu umeshashika kichwa. Ni nani, katika nchi hii, anayesafiri angani na ungo? Mimi nilisema ungo nikiwa nafikiria fizikia. Habari ikatoka kinuni, ikafika sokoni imepungua ndege na kubaki ungo. Ikafika kanisani kwamba kuna bibi mwembamba anayewafundisha watu wazima wakati wa magharibi namna ya kuanguka bila kuumia. Na kwamba anasema jiwe na unyoya ni kitu kimoja. Na ungo hauachi kamwe, umemwona?

Wiki moja wanafunzi wanne hawakuja. Wiki ya pili tulibaki saba. Jumapili nikaona kwa macho yangu mwalimu akikaa kwenye benchi na akina mama wawili wakisogea, kisha wakahamia benchi la nyuma. Yeye akafungua kitabu cha nyimbo akaimba. Jumatatu asubuhi akakuta majivu yamemwagwa mlangoni kwake, mstari mpana toka ukuta hadi ukuta. Mwanamke anayeishi peke yake na kuitwa mchawi, huo si mzaha. Sote tunajua mambo hayo yanaweza kuishia wapi. Nilipopita kumjulia hali nilimkuta anafagia, kwa kasi yake ileile.

“Shikamoo Mwalimu.”

“Marahaba. Majivu mazuri haya, nitaweka kwenye mchicha.” Kisha akasimama, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. “Bwana Kinu, nani kawaambia watu kwamba mimi ninaruka na ungo?”

Ulimi wangu, ule ambao haujawahi kulala, ulilala. Nikasema, “Watu, Mwalimu.” Nikaenda zangu. Niligawanya kwa kumi, nikagawanya tena kwa kumi, aibu haikupungua.

Barua ilimfikia afisa wa elimu ya watu wazima, haina jina la mwandishi. Iliandikwa mistari miwili tu: mwalimu huyu anafundisha kuruka kwa ungo, na darasa lifungwe. Afisa alikuwa kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi. Alikuja akasema mbele yetu kwamba yeye haamini, lakini mtaa umechafuka, na asipoona kwa macho kinachofundishwa pale hana budi kulifunga darasa na kumwomba mwalimu arudi kwao.

“Utaona kwa macho,” akasema Mwalimu. “Kesho saa kumi. Na wote wanaosema, waje.”

Wakaja. Nilihesabu watu elfu mbili. Haya, mia mbili. Uwanja wa shule ulikuwa na mnara wa tangi la maji, mita sita kwenda juu, na ngazi ya chuma. Mwalimu akasimama chini na ungo wake, na Mama Winifrida ameleta wa kwake, mapacha kabisa. Akatazama ngazi, akatazama pembeni upesi.

“Nani atapanda?”

“Mimi,” nikasema, kabla hajamaliza. Ni nani mwingine mwenye deni la kupanda pale?

Nikapanda na nyungo zote mbili na vilivyomo. Juu kule niliona Mbinga yote, migomba, mabati, mibuni milimani, na miguu yangu ikicheza ngoma ambayo sijafundishwa. Chini, Mwalimu aliupa mnara mgongo. Siku ile nzima hakutazama juu hata mara moja. Aliuliza tu, “Semeni mmeona nini,” naye akisikiliza vishindo.

Kwanza nikadondosha kokoto na unyoya. Kokoto, pu. Unyoya ukaenda kutembelea jirani. Watu wakacheka, na sauti moja ya mwanamume ikasema, “Si anasema vinaanguka sawa? Mwongo huyo!” Moyo wangu ukashuka mnara bila mimi.

“Vizuri,” akasema Mwalimu. “Bwana Kinu! Nyungo mbili. Mmoja ulalishe kama wa kupetea, mwingine usimamishe kwa ukingo. Subiri upepo upite. Achia!”

Nikaachia pamoja. Uliosimama ukashuka kama panga. Uliolala ukayumba huku, ukayumba kule, ukafika wa mwisho.

“Semeni mmeona nini.”

“Mmoja umechelewa!”

“Upi mzito?”

Mama Winifrida akaziinua zote mbili mbele ya watu, mmoja kila mkono. “Ziko sawa! Tumenunua kwa msusi mmoja!”

“Uzito mmoja, basi kwa nini mmoja umechelewa?” Hapo mwalimu alikuwa amesahau mtaa mzima, alikuwa darasani. “Uliolala umekutana na hewa nyingi. Uliosimama umeikata. Huyo ndiye mchawi wenu, ni hewa! Sasa, mnasema ungo unabeba mtu. Bwana Kinu, funga tofali chini ya ungo, ulalishe uleule.”

Ungo, tofali na kamba ya kufungia nikavivuta juu kwa ndoo. Nikafunga. Nikaachia. Huo haukuyumba popote. Ulishuka moja kwa moja, ukapiga ardhi, ukapasuka vipande, na mwanzi ukaruka mpaka kwenye viatu vya afisa.

“Hilo ni tofali,” akasema Mwalimu. “Mimi pamoja na wembamba wangu nina uzito wa matofali kumi na mengine juu. Nani anataka kuazima ungo uliobaki?”

Salum, Mungu amlipe, akajibu kwa sauti ya dukani: “Ati mie nashauri mwavuli! Kilichovunjika hakirudishwi!”

Uwanja ukavunjika mbavu. Niliwaona wale akina mama wawili wa benchi la kanisani wameshikana mabega wakifuta machozi. Huwezi kumwogopa mtu aliyekuchekesha namna ile. Nilikaa juu ya mnara nikacheka mpaka tangi likatikisika.

Ila yule mwanamume hakuridhika. “Na unyoya je? Ulisema unyoya na jiwe ni sawa!”

“Nilisema bila hewa. Siwezi kuiondoa hewa Mbinga. Lakini naweza kuupa unyoya mtu wa kuutangulia njiani. Bwana Kinu, chukua tofali jingine. Lilaze kwenye kiganja. Juu yake weka unyoya, usifunge, uweke tu. Uwe mdogo, usizidi tofali. Salum, tayarisha simu.”

Nikavuta ndoo tena, nikaweka. Unyoya ulitulia mgongoni mwa tofali kama kifaranga. Nikavuta mkono chini kwa ghafla. Kishindo kimoja tu. Watu wakakimbilia, Salum akainua simu yake, akairudisha video kwa mwendo wa konokono, na afisa na yule mwanamume wakagonganisha vichwa juu ya kioo.

“Upo!” akapiga kelele yule mwanamume. “Upo juu ya tofali! Upo, upo, umefika nao!”

“Tofali limeipasua hewa,” akasema Mwalimu, bado ameupa mnara mgongo. “Unyoya haukuwa na wa kuuzuia, ukaanguka kama jiwe. Semeni mmeona nini.”

Tulisema sote kwa pamoja. Nadhani walitusikia Ngumbo.

Darasa halikufungwa. Wiki ile tulifika ishirini na sita, na yule mwanamume wa kelele alikaa dawati la mbele karibu na mimi. Afisa aliomba nakala ya video. Akina mama wakarudi kwenye benchi. Mimi sikusema neno kuhusu ulimi wangu. Nilijiambia nimeshapanda mnara, inatosha, na nikaendelea kuisimulia habari ya ndege, ila ungo nikautoa, nikaweka mti mkubwa uliompokea.

Mtihani nilifanya mara mbili. Mara ya pili nikapata Fizikia, C yenye afya, na leo mimi ndiye ninayeiendesha ile feni ya kinu badala ya kupoza jasho mbele yake. Mwalimu alikuwa ameshaondoka. Alizeeka, akarudi Ngumbo kwa dada yake.

Mwaka jana niliteremka kumwona, na cheti kifuani ndani ya mfuko wa nailoni, na kilo moja ya kahawa. Nilimkuta kando ya ziwa, anageuza usipa juu ya kichanja, vile visamaki vidogo vikimetameta kama sindano. Amepungua zaidi. Mikono ilikuwa ileile ya haraka.

“Shikamoo Mwa...”

“Marahaba. Lete hicho cheti.”

Alikisoma kwa muda mrefu. Alisoma mpaka jina la mchapishaji. Kisha akanyoosha kidole ziwani, ambako nguzo nyeusi ya moshi ilisimama juu ya maji.

“Ule nini?”

“Kungu,” nikasema. Ni wadudu wadogo sana wa ziwa hili, hutoka kwa mamilioni. Mara hii sikukuza.

“Mbona hawaanguki kama kokoto?”

“Ni wadogo mno, Mwalimu. Uzito wao si kitu mbele ya hewa wanayoigusa. Kwao hewa ni kama uji.”

“C,” akasema. “Walikunyima B hawa.”

Basi nikaona nisipotema siku hiyo sitatema tena. “Mwalimu, ule ungo ni mimi. Ile habari ya kuruka. Mimi ndiye niliyeuongeza ungo kinuni, sikujua utafika kule. Yale majivu ni ya kwangu.”

Hakuacha kugeuza usipa. “Nilijua ni wewe. Nani mwingine angepanda mnara kwa hiari na huku anatetemeka vile? Ngazi ililia kama zeze.” Akageuza safu nyingine. “Ila nilichoshindwa kujua ni uliuongeza kwenye nini.”

“Kwenye habari ya ndege, Mwalimu. Siku ulipoanguka na ndege.”

“Ndiyo?”

“Nilitaka kueleza ulivyotua salama. Kutoka juu kule. Na rubani alivyokuacha.”

Mkono ukasimama juu ya kichanja. Alinitazama, akamtazama dada yake aliyekuwa amekaa na sufuria mapajani, na dada mtu akaanza kutikisika mabega.

“Rubani?” akasema Mwalimu.

“Yule aliyekwenda zake.”

Dada yake alishindwa kuvumilia, akaangua kicheko mpaka sufuria ikamponyoka. Mwalimu peke yake hakucheka. Aliniwekea mkono begani kama anayemfundisha mtu kwa mara ya mwisho na hataki akosee.

“Njiwa,” alisema. “Yule ndege alikuwa njiwa wa baba. Nilimfuata juu ya paa la jiko, nikamshika, tukaanguka.”